Wadau, shule huwa zinaangalia nini kabla ya kupeleka wanafunzi ziara? Kituo chetu wanakipita tu

mzinga_wa_kioo:

Habari za leo wadau. Mimi na wenzangu tunaendesha kituo kidogo cha kujifunzia mambo ya asili. Tuna bustani ya mimea yenye vibao vya majina, bwawa la vyura na samaki, chumba kimoja cha hadubini, na kitu ambacho watu wakifika hawabanduki ni mzinga wa nyuki wenye ukuta wa kioo, yaani unawaona nyuki wakifanya kazi zao ndani laivu bila kuumwa, na malkia tumempaka doti ya rangi mgongoni ili aonekane kirahisi.

Familia wikendi zinakuja, hapo sina malalamiko. Shida ni shule. Tumebandika matangazo, tumetuma barua pepe kwa wakuu wa shule, tumeweka picha mtandaoni, tumeandika kwa herufi kubwa PUNGUZO KWA VIKUNDI VYA SHULE, kimya. Alafu ikifika wiki ya mwisho wa muhula wanakuja wote kwa mpigo, tunazidiwa, watoto wanasukumana pale kwenye kioo hakuna anayeona kitu, wiki inayofuata hamna hata mmoja. Katikati ya wiki asubuhi wafanyakazi wamekaa tu wanaangaliana.

Kuna wanaoniambia nishushe kiingilio zaidi, kuna wanaosema niongeze matangazo. Walimu na wenye uzoefu humu naomba mniambie ukweli, huwa mnaangalia nini hasa mkichagua pa kupeleka watoto?

ticha_hesabu:

Dada ngoja nikupe upande wa pili wa meza. Sisi tunaopanga hizi safari hatuanzi na kiingilio, tunaanza na swali moja, nikipeleka hili ombi kwa mkuu ataniuliza nini. Na atakachouliza ni mada gani, darasa gani, na kwa nini isifundishwe hapahapa darasani.

Watu wa vituo wengi hawajui mwalimu anapitia nini. Unaandika ombi, unafuatilia kibali, unaandika barua kwa wazazi, unakusanya hela na kuandika nani kalipa nani bado nani kalipa nusu, unatafuta basi, unawaomba wenzako wakushikie vipindi vya madarasa mengine na wanakununia, unatafuta watu wazima wa kuongozana nao, afu siku yenyewe unahesabu vichwa toka alfajiri mpaka mtoto wa mwisho achukuliwe na mzazi wake. Vyote hivyo juu ya kazi yako ya kila siku, na kikiharibika kitu jina litakalotajwa ni lako. Sasa nachukua tangazo la kituo naona limeandikwa "njooni mfurahie maajabu ya asili". Kwa baba mwenye watoto wanamsumbua Jumamosi inatosha kabisa, ila mimi hapo siwezi kutoa hata sentensi moja ya kuweka kwenye ombi langu.

Mfano hiyo doti ya malkia umeitaja juu juu tu, wakati mimi hiyo ndo ingenifanya nipige simu. Wafugaji nyuki wana utaratibu wa kimataifa wa rangi tano, mwaka unaoishia na 1 au 6 malkia anapakwa nyeupe, 2 au 7 njano, 3 au 8 nyekundu, 4 au 9 kijani, 5 au 0 bluu. Maana yake ni kwamba ukigawanya mwaka kwa 5, baki ndo inakupa rangi. Baki 1 nyeupe, baki 2 njano, baki 3 nyekundu, baki 4 kijani, isipobaki kitu bluu. Mtoto anayehangaika na kugawanya kwa baki unamsimamisha pale kwenye kioo unamwambia mtafute malkia, soma rangi yake, niambie alipakwa mwaka gani, na kwa nini rangi tano zinatosha wakati miaka haiishi. Wakibishana kidogo watafika wenyewe kwamba ni malkia wachache sana wanaovuka miaka mitano, kwa hiyo rangi ikirudi tena yule wa zamani hayupo. Hapo nina hesabu na nina sayansi ndani ya nusu saa, na hakuna ubao wa darasani utakaonipa hicho kitu.

Au ile nyuki anapocheza kuwaelekeza wenzake maua yalipo. Pembe anayocheza kutoka mstari wa wima juu ya sega inalingana na pembe ya kwenye maua ukipima kutoka upande lilipo jua. Karl von Frisch aliyefumbua hilo fumbo alishiriki tuzo ya Nobel mwaka 1973. Wape watoto karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, waibandike kwenye kioo, wachore mstari wa mchezo, wapime kwa kipimapembe. Mimi kwa hilo naleta darasa zima.

Kwa hiyo kabla hujagusa bei, andika ukurasa mmoja kwa kila darasa. Darasa fulani, mada fulani, watafanya hivi, kwa dakika hizi, watarudi na hiki kwenye madaftari. Mimi nakata nabandika kwenye ombi na andalio la somo, mkuu anasaini. Umenipunguzia usiku mzima wa kazi.

mjasiriamali_mkavu:

Mnazunguka sana wakuu. Mpe mwalimu chake kwa kila kichwa anacholeta uone mabasi yatakavyopanga foleni hapo getini. Biashara ndo zilivyo msidanganyane.

ticha_hesabu:

Hapana mkuu, hiyo itamuua. Wazazi ndo wanaolipa, siku mmoja wao akisikia mwanae alihesabiwa kichwa na mwalimu akakatiwa chake, mwalimu anaitwa ofisini na kituo hakitatajwa tena kwenye hiyo shule wala shule ya jirani. Na mwalimu wa aina hiyo akipewa zaidi kwingine anahama kesho yake.

Kama unataka kumkirimu mwalimu fanya kitu ambacho unaweza kukiandika kwenye tangazo kila mtu akakisoma. Wanaoongozana na darasa waingie bure. Anayepanga ziara aje siku kabla akague bure, akitaka aje na familia yake. Hiyo ya kuja kukagua ni kubwa kuliko mnavyodhani, mimi mahali ambapo sijapakanyaga sipeleki watoto wa watu.

idara_ya_elimu:

Nimefanya kazi upande wa elimu kwenye makumbusho kwa muda mrefu kidogo, ticha kamaliza karibu yote, naongezea tu ya upande wetu.

Kwanza hili la punguzo. Makumbusho ya sanaa ya Crystal Bridges huko Arkansas, Marekani, yalipofunguliwa Novemba 2011 maombi ya shule yalizidi nafasi, ikabidi wapige bahati nasibu nani aende kwanza nani asubiri, na watafiti wakatumia hiyo bahati nasibu kulinganisha waliokwenda na ambao bado. Walihoji wanafunzi na walimu zaidi ya 11,000 kutoka shule 123, kwa hiyo sio kautafiti ka mchezo. Sasa angalia makumbusho yalilipia nini. Kiingilio kilikuwa bure, sawa, lakini walilipa na basi, na chakula cha mchana, na hata gharama ya mwalimu wa kushika vipindi vya yule aliyesafiri. Yaani walikwenda kuziba pale shule inapoumia. Kwa ziara nyingi kiingilio sio mzigo mkubwa, basi ndo mzigo. Ukishusha kiingilio nusu unaumia wewe na mwalimu haoni tofauti kwenye jumla ya mwisho.

Pili kwenye huohuo utafiti kuna kitu cha kumpelekea mkuu wa shule anayesema ziara ni kupoteza muda. Kulikuwa na mchoro mmoja wa Eastman Johnson unaoonyesha watu wakichemsha utomvu wa mti kutengeneza sukari, na habari yake ni kwamba waliopinga utumwa walitaka kuikwepa sukari ya miwa iliyolimwa na watumwa. Wiki kadhaa baada ya ziara, asilimia 88 ya waliouona ule mchoro walikuwa bado wanajua hiyo habari, na hawakuwa wameambiwa kuna mtihani. Na faida ya ziara ilionekana zaidi kwa watoto wa vijijini na wa shule za watu wa kipato cha chini, kwa hiyo usikimbilie shule zenye mabasi yao tu.

La tatu ni la kwako kibiashara. Watoto wote waliohojiwa walipewa kuponi ya kurudi na familia bure, waliokuwa wamekwenda ziara wakarudi kwa asilimia 18 zaidi ya ambao walikuwa bado. Kila mtoto wa shule anayepita kwako Jumanne ni mtu wa kuwaleta wazazi Jumamosi, mpe kikaratasi mkononi anapopanda basi. Sio mlangoni anapoingia, atakipoteza kwenye bwawa la vyura.

Kuna jambo lingine watu wanaliona la kitaaluma mno ila lina kazi. Mwaka 1978 John Falk na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wanaopelekwa mahali pageni, wakaona akili ya mtoto kwanza inajishughulisha na mahali penyewe, kuko vipi, choo kiko wapi, kule kuna nini, ile kazi uliyompangia inasubiri. Baadaye Nir Orion na Avi Hofstein, mwaka 1994, wakaangalia wanafunzi wa sekondari kwenye safari za jiolojia wakakuta walioandaliwa kuhusu mada, kuhusu mahali na kuhusu siku itakavyokwenda walijifunza zaidi. Kwa hiyo tuma shuleni mapema picha za getini, za vyoo, za pale watakapokaa kula, na ramani ya kuchora kwa mkono inatosha, mwalimu awaonyeshe darasani. Afu wakifika waachie dakika kumi wazurure ndani ya mipaka kabla hujafungua mdomo. Wenye vituo wanaogopa hizo dakika kumi kama wanaibiwa, kumbe usipowapa watazichukua wenyewe wakati unaongea.

mzinga_wa_kioo:

Aisee nimeshika daftari kabisa. Ticha hiyo ya baki ya kugawanya kwa 5 nyuki ninao miaka yote na sijawahi kuiwaza hivyo.

Sasa maswali. Sisi hatuna mfadhili wa kulipa basi la mtu, hapo nafanyaje? La pili tuko wachache, darasa la watoto 40 likija naligawaje wakati mzinga ni mmoja na kioo kinatosha watoto kumi tu wakijibana? La tatu, nyuki wakiwa karibu na watoto hivyo, mnashauri nimwambie nini mzazi mwoga?

idara_ya_elimu:

Basi kwanza. Huna haja ya kulilipa, saidia ligawanyike. Shule moja madarasa mawili, basi lilelile linaleta la kwanza asubuhi, linaondoka nalo na kurudi na la pili mchana, wewe umepata vikundi viwili na wao wanalipa kukodi kwa siku moja. Au tafuta kituo kingine kilicho njiani, chochote, kiwanda kinachoruhusu wageni, maktaba kubwa, kituo cha zimamoto, mkaandika ratiba moja ya sehemu mbili, safari ikawa na uzito mkuu wa shule akaona hela ya basi imelipa. Wengi wanaona kituo cha jirani ni adui, kwenye ziara za shule jirani ndo anayekuletea wateja. Na ukimpata mfanyabiashara anayetaka jina lake lionekane mwombe alipie mabasi, asilipie tiketi, basi lenye kitambaa cha jina lake linaonekana njia nzima na tiketi haionekani na mtu.

Watoto 40 ndo wepesi wala usiogope. Makundi manne ya kumi, vituo vinne, mzinga, bwawa, hadubini, bustani. Dakika 20 kila kituo na 5 za kuhama, jumla haizidi dakika 100, umemaliza kabla ya chakula. Kengele moja kubwa inapigwa wote wanahama upande mmoja, saa inavyozunguka. Mwongozaji wako anabaki kwenye kituo chake, makundi ndo yanahama, hivyo yule wa nyuki anaongea na watoto kumi tu kila mara na anaongea kitu kilekile mara nne anazidi kukijua. Kituo ambacho huna mtu, kama bustani, mpe mwalimu mwenyewe na karatasi yenye maswali matatu. Matatu tu. Ukimpa mtoto karatasi ya maswali ishirini atatumia ziara nzima ameinamia karatasi ananakili vibao na hata ua lenyewe hatalitazama.

Suala la wazazi waachie wazazi wajibu.

mama_watatu:

Nimeitika lol.

Mimi ni mzazi sio mwalimu na nimeshakataa kusaini fomu ya ziara, nakwambia sababu. Barua ilikuja imeandikwa wanakwenda wapi na kiasi gani basi. Hakuna saa ya kurudi, hakuna namba ya kupiga nikitaka kujua wamefika, hakuna kilichoandikwa kuhusu maji wala kivuli. Wa kwangu wa mwisho akiumwa na nyuki anavimba uso mpaka macho yanafumba, sasa mtu anaponiletea fomu ya kwenda kwenye nyuki bila kuniuliza kama mtoto ana mzio nasaini vipi?

Wewe andika wazi nyuki wako nyuma ya kioo na wanatokea wapi kwenda nje, maana lazima kuna njia ya kutokea na mimi nitataka kujua iko mbali kiasi gani na watoto wanapopita. Andika mwenye mzio aje na dawa yake na aikabidhi kwa nani. Andika nani pale anajua huduma ya kwanza na hospitali ya karibu iko umbali gani. Usijaribu kunitoa hofu kwa maneno matamu, nipe majibu hofu itatoka yenyewe.

Na vyoo jamani. Vyoo viwili watoto 40 wametoka kwenye basi, nusu saa yako ya kwanza imeisha hapo.

kijana_wa_town:

Mnamdanganya dada wa watu na mambo ya mtaala. Nimemaliza shule juzi juzi tu, ziara ninazokumbuka ni zile za kuogelea na kupanda vyombo vya kuzunguka. Kwenye makumbusho tulikuwa tunapangwa mstari mtu anaongea sisi tunapigana teke. Sehemu zinazojaa ni za raha, aweke bembea na muziki.

ticha_hesabu:

Kijana hujakosea kote. Ile wiki ya mwisho wa muhula anayosema, mitihani imeisha, hapo kweli walimu wanatafuta sehemu watoto wakatoe mvuke na hakuna anayeuliza mada. Lakini hiyo ni wiki moja na kila mwenye bembea anaigombania. Siku nyingine zote zilizobaki hakuna mkuu atakayesaini bembea saa nne asubuhi Jumanne.

Na hilo la kupangwa mstari mtu anaongea, hayo sio mambo ya mtaala, ni uvivu wa kituo.

idara_ya_elimu:

Kuongezea hapo kwa kijana. Frank Oppenheimer alikuwa mwanafizikia, aliwahi kufundisha sekondari, mwaka 1969 akafungua makumbusho ya sayansi yanayoitwa Exploratorium pale San Francisco na karibu kila kitu ndani ilikuwa ni cha kushika, kuzungusha, kuvuta, kupuliza. Watoto walicheza na huku wanajifunza mwanga na sauti. Vituo vingi vya sayansi duniani vikaiga. Kwa hiyo huyu dada asichague kati ya raha na somo, watoto wapate vyote, ila kwenye karatasi inayokwenda kwa mkuu aweke somo mbele na raha wataikuta wakifika. Na ticha kasema kweli, ile wiki ya mwisho auze kivingine kabisa, tiketi fupi, makundi machache kwa siku, wakijaa awaambie wengine tarehe zilizobaki. Kukataa basi la kumi kunalinda jina la kituo, yule aliyesukumwa pale kwenye kioo bila kuona malkia hatarudi na hatanyamaza.

hedimasta_mstaafu:

Vijana salaam. Nimesoma yote, nasema machache kwa sababu nilikuwa ndiye huyo mnayemwita "mkuu atakayesaini".

Barua zenu huwa zinakuja wakati mbaya. Shule inapanga kalenda yake kabla muhula haujaanza, mwalimu wa taaluma anakaa na ratiba, mitihani, michezo, mikutano ya wazazi, na ziara zinawekwa hapohapo au haziwekwi. Barua ikifika katikati ya muhula hata iwe nzuri vipi nafasi imeshajaa, ndiyo maana mnasukumiwa zile siku za mwisho ambazo hazina kazi. Pelekeni ukurasa wenu wiki ya walimu kuandaa maazimio ya kazi, na msiutume kwangu peke yangu, mkuu ana mafaili mengi. Utafuteni mkono wa mwalimu wa somo. Yeye akija ofisini kwangu anautaka, mimi nasaini. Nikimwita mimi nimwambie aende, ataona nimemuongezea kazi.

Jambo la pili, msiwaandikie "shule zote madarasa yote". Marekani mwaka 2015 serikali ilianzisha mpango wa kuwaingiza watoto bure kwenye hifadhi za taifa, ulianza kwa jina la Every Kid in a Park na sasa unaitwa Every Kid Outdoors, na hawakusema watoto wote, walichagua darasa la nne tu, mtoto na familia yake, kwa mwaka ule mmoja. Kila mwaka kuna darasa la nne jipya. Ninyi nanyi chagueni darasa moja ambalo vitu vyenu vinalifaa kuliko mengine yote, mlijue hilo darasa kuliko hata mwalimu wake, shule ikizoea kwamba darasa lile kila mwaka linakwenda kwenu inakuwa ni desturi, na desturi haihitaji tangazo. Mwalimu akihama anamkabidhi mwenzake pamoja na madaftari.

La tatu ni makaratasi ya usalama. Uingereza wana beji inaitwa LOtC Quality Badge (LOtC ni Learning Outside the Classroom, yaani kujifunza nje ya darasa), kituo kikikidhi vigezo vya mafunzo na usalama kinapewa, mwalimu akiiona anapunguziwa makaratasi ya kuuliza. Pasipo na beji ya namna hiyo, kituo kiandike chenyewe ukurasa wa hatari zilizopo na wanavyozizuia, bwawa lina kina gani, uzio uko wapi, nyuki wanatokea wapi kama alivyosema huyo mama, nani ana mafunzo ya huduma ya kwanza. Mimi nilikuwa nikipata ukurasa huo bila kuuomba namwamini mtu huyo hata kabla sijamuona.

mjasiriamali_mkavu:

Mzee hapo kwenye darasa moja umenigusa. Hiyo nayo ni biashara, naikubali. Ya kwangu naifuta.

mzinga_wa_kioo:

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Nimekaa na wenzangu jioni tumechagua darasa la wanaojifunza kugawanya kwa baki tukaandika rasimu. Ticha naomba uikosoe bila huruma:

"Somo: Hesabu na Sayansi. Mada: kugawanya kwa baki, maisha ya nyuki. Muda: saa mbili asubuhi katikati ya wiki. Karibuni mshuhudie maajabu ya mzinga wetu wa kioo. Wanafunzi watamtafuta malkia, watasoma rangi ya alama yake na kukokotoa mwaka aliopakwa, watapima pembe ya mchezo wa nyuki, wataangalia bawa la nyuki kwenye hadubini na kuchora. Kila mwanafunzi ataondoka na mchoro mmoja na hesabu tatu alizofanya mwenyewe. Nyuki wako nyuma ya kioo kilichofungwa, wanatokea nje kwa bomba linalopanda juu ya paa upande wa nyuma ambako wageni hawapiti. Mwenye mzio aje na dawa yake, ikabidhiwe kwa mwalimu na mwongozaji wetu ajulishwe. Walimu wanaoongozana na darasa hawalipi. Piga simu kupanga tarehe."

ticha_hesabu:

Inasainika hiyo. Toa "mshuhudie maajabu", hilo neno litamfanya mkuu aache kusoma. "Saa mbili asubuhi" itanichanganya, sijui ndo mnaanza saa mbili au mnakaa masaa mawili, andika saa ya kufika na saa ya kuondoka, na ya kuondoka iandike kwa herufi nene maana ndo nitakayowapa wazazi na mwenye basi. Weka idadi ya vyoo. Weka kama mvua ikinyesha tunakaa wapi, kwa sababu basi likishalipwa siwezi kuahirisha. Tafuta pia jibu la siku ambayo nyuki hawachezi, kuna siku za mawingu au baridi utasimama hapo hata mmoja hatoki, weka video fupi mliyorekodi wenyewe kwenye mzinga wenu watoto wapimie hapo.

Na simu mpe mtu mmoja mwenye jina. Huwa tunapiga wakati wa mapumziko, dakika kumi na tano, tukiambiwa subiri nikuunganishe na mhusika kengele imelia.

mzinga_wa_kioo:

Simu nachukua mimi. Video tunarekodi wiki hii jua likitoka. Vyoo ni vitatu, mama_watatu naomba usinikasirikie, cha nne fundi anaanza Jumatatu.

mama_watatu:

Cha nne kikiisha ndo uniletee fomu 😂